Rangi za Maji kwa Anayeanza: Mwongozo wa Darasa la Studio Wazo

Rangi za maji ni unga laini wa rangi uliokandwa kwa utomvu wa miti ya jamii ya mgunga. Utomvu huo huuzwa duniani kwa jina la gundi arabu, na sehemu kubwa hutoka Sudan na nchi nyingine za ukanda wa Sahel. Maji yakiongezwa, utomvu huyeyuka na unga huelea. Maji yakikauka, utomvu huushika unga juu ya karatasi. Tabaka linalobaki ni jembamba kiasi kwamba mwanga hulipenya, hugonga karatasi na kurudi machoni ukiwa umebeba rangi. Kwa hiyo weupe wa picha ni weupe wa karatasi yenyewe, na palipokusudiwa kuwa peupe hapaguswi tangu mwanzo.

Hapo ndipo wengi wa Dar es Salaam hukwama mwanzoni, kwa sababu uchoraji walioukulia ni wa namna nyingine. Picha za Tingatinga, alizozianzisha Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968 maeneo ya Oysterbay, huchorwa kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ile iliyozoeleka kuitwa rangi ya baiskeli, juu ya hadibodi au turubai. Mchoraji hupaka mandhari ya nyuma kwanza, humweka mnyama juu yake, na nukta nyeupe huja mwisho kabisa, kwa kuwa rangi ile huziba kilicho chini yake. Rangi za maji hufuata njia ya kinyume. Kilicho chepesi hutangulia, kizito hufuata, na jicho jeupe la ndege huachwa wazi kabla brashi haijalowa. Anayetoka kwenye rangi za mafuta ana mkono uliokwisha kuzoea brashi na anahitaji tu kugeuza mpangilio wa kufikiri. Asiyewahi kuchora chochote hana cha kugeuza, na mara nyingi huenda haraka zaidi.

Jambo la pili linalowasumbua wanaoanza ni hewa. Vitabu vingi vya rangi za maji vimeandikwa Uingereza, Ufaransa na Marekani, na maelekezo yake yanachukulia hewa ya huko. Wazo iko Manispaa ya Kinondoni, upande wa kaskazini wa jiji, karibu na Kunduchi na Bahari ya Hindi. Hewa yake ina unyevunyevu mwaka mzima, hasa wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Mpako ambao kitabu kinasema utakauka baada ya muda fulani huweza kubaki mbichi maradufu ya muda huo siku ya mvua, na ukiwekwa juani mwezi Januari hukauka kabla mkono haujafika upande wa pili wa karatasi. Darasa zuri la Wazo hulianza somo hapa: kusoma maji yaliyo juu ya karatasi kwa macho, bila kutegemea saa wala kitabu. Kuchora umbo sawasawa huja baadaye, na anayeogopa kwamba hajui kuchora hana sababu ya kusubiri.

Katika vifaa, karatasi ndiyo ya kwanza, na anayebana matumizi abane kwingine. Manila ya maduka ya vifaa vya shule hufaa kwa michoro ya penseli na kwa kujaribu michanganyiko, lakini ikipata maji mengi hujikunja, uso wake hutoka nyuzi na rangi huacha mabaka. Karatasi ya rangi za maji hutajwa kwa uzito wake. Gramu 300 kwa mita ya mraba ndicho kipimo kinachomfaa anayeanza. Chini ya gramu 200 karatasi hujaa mabonde na maji hutuama ndani yake. Zipo za pamba tupu na zipo za rojo la mbao. Za pamba ni ghali, Dar es Salaam mara nyingi huagizwa au huletwa na msafiri, nazo husamehe: hukaa mbichi kwa muda mrefu, huvumilia kufutwa, na tabaka la pili haling'oi la kwanza. Njia nzuri ya kati ni kufanyia mazoezi karatasi za mbao na kutenga chache za pamba kwa picha zenyewe. Kuhusu uso, ipo iliyo laini kabisa, ipo yenye mikwaruzo mikubwa, na ipo ya wastani. Ya wastani inatosha kwa mwaka wa kwanza wote.

Karatasi hizi hutiwa jelatini au kitu kama hicho kiwandani ili maji yakae juu kwa muda kabla ya kunywewa. Unyevunyevu wa pwani huiharibu kinga hiyo polepole. Karatasi iliyokaa wazi kabatini kwa msimu mmoja wa masika huweza kuonekana nzima, kisha mpako wa kwanza ukatokeza madoa meusi pale rangi ilipozama ghafla. Dawa yake ni kinga: karatasi ziwekwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokutwa kwenye maboksi ya viatu.

Brashi tatu zinatosha. Moja ya mviringo namba 8, moja ya mviringo namba 12, na moja bapa yenye upana wa sentimita 2.5. Brashi ya mviringo ikilowa lazima ikusanyike iwe na ncha moja kali. Isiyokusanyika dukani haitakusanyika nyumbani. Nywele za kutengenezwa kiwandani zinafaa kabisa na zinastahimili mikono ya wanaoanza. Kosa lililozoeleka ni kununua brashi ndogo nyingi. Brashi ndogo hubeba maji kidogo, hulazimisha kurudia mstari mara nyingi, na picha huishia kuwa ya mikwaruzo.

Rangi huja kwa vidonge vikavu au kwa tyubu. Vidonge laini vinavyoyeyuka mara tu vikiguswa na brashi mbichi vilianza kuuzwa na Winsor & Newton wa London mwaka 1835, na ndivyo vilivyoifanya rangi ya maji iwe rangi ya wasafiri. James Augustus Grant, aliyeondoka Zanzibar na John Hanning Speke mwaka 1860 kwenda bara kutafuta chanzo cha mto Nile, alichora watu, mimea na makazi ya njiani kwa rangi za maji, na kazi zake zimehifadhiwa Maktaba ya Taifa ya Scotland. Kwa mkazi wa pwani, vidonge bado vina faida dhidi ya tyubu. Baadhi ya rangi za tyubu hutiwa asali nyingi ili zisikauke; katika hewa kavu hilo ni jambo jema, lakini Dar es Salaam rangi hizo zikikamuliwa kwenye paleti hubaki zinanata kwa wiki nyingi, hushika vumbi, na paleti ikifungwa zikiwa mbichi huota ukungu.

Rangi sita zinatosha: njano ya limau, njano yenye joto, nyekundu ya waridi, buluu ya zambarau, buluu ya kijani, na kahawia ya udongo uliochomwa. Majina ya kibiashara hutofautiana, kwa hiyo kinachosomwa ni alama ndogo nyuma ya tyubu au kwenye karatasi ya kidonge. PB29 ni buluu ya zambarau, ile ambayo zamani ilisagwa kutoka jiwe la lazuli la Afghanistan na ikaanza kutengenezwa kiwandani Ufaransa katika miaka ya 1820. PB15 ni buluu ya kijani, kali, inayotia doa lisilofutika. PBr7 ni ya udongo wenye chuma, na ni ndugu wa karibu wa rangi nyekundu zilizotumika kwenye michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. PR83, nyekundu iliyopendwa sana na wachoraji wa zamani, hupauka kwa mwanga, na katika nyumba za pwani zenye madirisha makubwa haifai. Kuna jaribio rahisi kwa rangi yoyote yenye shaka: michirizi yake hupakwa kwenye kipande cha karatasi, nusu hufunikwa kwa kadibodi nzito, kisha kipande huachwa dirishani kwa miezi mitatu. Kadibodi ikiondolewa, rangi isiyodumu hujitaja yenyewe. Seti za rangi za shule hazikatazwi kwa mazoezi, ila nyingi zina chokaa ndani yake na mchanganyiko wake huwa na ukungu badala ya kung'aa.

Vifaa vinavyobaki vinapatikana jikoni na karakana: sahani nyeupe ya udongo badala ya paleti, makopo mawili, kitambaa cha zamani cha pamba, tishu, penseli ya 2B, ufutio laini, tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi wa magari, na kipande cha plaiwudi kinachozidi karatasi kidogo kila upande. Makopo ni mawili kwa sababu moja husafisha brashi na jingine hutoa maji safi. Mwanafunzi mwenye kopo moja huchora picha nzima kwa maji ya kijivu bila kujua tatizo liko wapi.

Maji yenyewe yana jambo lake Wazo. Nyumba nyingi za Tegeta, Boko, Bunju na Wazo hutegemea visima, na maji ya visima vya karibu na bahari huwa na chumvi. Chumvi ikitupwa makusudi juu ya mpako mbichi hunyonya maji na kuacha alama kama nyota, ufundi unaopendwa na watoto. Lakini maji ya kuchorea yakiwa na chumvi, rangi hujikusanya chembechembe pasipotakiwa, na mpako wa anga hutoka na vipele. Maji ya bomba au ya kunywa hutumika kwa kuchorea. Ya kisima yabaki kwa kuoshea sahani na makopo.

Chumba cha darasa kinaweza kuwa sebule, baraza au banda la uani. Vitabu vya Ulaya husisitiza dirisha linalotazama kaskazini, kwa kuwa huko jua haliingii kutoka upande huo. Wazo iko karibu nyuzi 6.7 kusini mwa ikweta, na sheria hiyo haifai hapa. Jua la saa sita mchana hupita utosini mara mbili kwa mwaka, takriban tarehe 3 Machi na tarehe 10 Oktoba. Kati ya tarehe hizo, kwa miezi saba, hupita upande wa kaskazini. Miezi mitano inayobaki hupita kusini. Dirisha la kusini ndilo lenye mwanga tulivu kuanzia masika hadi mwanzo wa vuli. Kuanzia Oktoba hadi Februari meza huhamishiwa dirisha la kaskazini, au shuka jeupe jepesi hutundikwa kama pazia. Feni ya dari huzimwa mpako mkubwa unapofanyika, kwa sababu hukausha upande mmoja kabla ya mwingine na kuyasukuma maji; huwashwa tena mpako ukishatulia. Wakati wa kiangazi, barabara za mitaa zikiwa zimekauka, madirisha ya upande wa barabara hufungwa. Vumbi likitua kwenye rangi mbichi halitoki.

Jasho nalo lisipuuzwe. Kiganja kinacholala juu ya karatasi huacha mafuta, na rangi hukataa kushika hapo. Karatasi ya ziada hulazwa chini ya mkono, na karatasi nzuri hushikwa pembeni tu.

Somo la kwanza la brashi ni mpako sawa: kupaka eneo zima rangi moja isiyo na mabaka wala mistari. Ni zoezi linaloonekana dogo, na ndilo linalobeba mengine yote. Karatasi hubandikwa kwenye plaiwudi kwa tepu pande zote nne. Upande wa juu wa ubao huinuliwa kwa kuwekewa kiberiti kilicholazwa chini yake, ili maji yashuke taratibu bila kukimbia. Rangi huchanganywa sahanini kabla ya kuanza, nyingi kuliko inavyodhaniwa kuhitajika, kwa kuwa rangi ikiisha katikati hakuna muda wa kuchanganya nyingine inayofanana. Brashi kubwa hujazwa, mstari wa kwanza huvutwa kutoka kushoto hadi kulia kwa mwendo mmoja, na chini ya mstari huo hukusanyika tuta jembamba la maji linaloning'inia. Tuta hilo ndilo siri yote. Mstari wa pili huligusa na kulishusha, wa tatu vivyo hivyo, hadi mwisho wa karatasi. Mahali ambapo tuta limekatika, rangi imekosa maji na hapo utabaki mstari. Ukifika chini, brashi hukamuliwa kwa kitambaa, na ncha yake kavu huyanyonya maji yaliyobaki ukingoni. Kisha mikono hutoka kabisa. Kishawishi cha kurudi kurekebisha sehemu iliyopauka ndicho kinachoharibu mipako mingi darasani, na mwalimu mzuri hutumia nguvu nyingi hapo kuliko popote.

Kinachofuata ni kukaa na kutazama. Karatasi iliyolowa hupitia hali nne. Kwanza maji yamesimama na yanaonyesha dirisha kama kioo. Rangi ikitiwa hapo hutawanyika ovyo. Kisha maji yameingia, uso unang'aa lakini hautiririki. Rangi ikitiwa huenea kwa kingo laini, na hapo ndipo mawingu hufanyika. Baadaye mng'ao hufifia hadi kubaki wa hariri. Hali hii ni ya hatari: brashi yenye maji mengi ikigusa hapo, maji mapya huisukuma rangi iliyoanza kutulia na kuacha doa lenye kingo zilizojikunja ambalo halifutiki vizuri. Brashi yenye rangi nzito na maji kidogo, kinyume chake, huchora wakati huo mstari laini unaopendeza. Mwisho mng'ao umeisha lakini karatasi bado ni ya baridi. Hali hii hupimwa kwa mgongo wa kidole kilichokauka. Penye baridi bado kuna maji, na tabaka jipya lisubiri. Siku ya masika hali ya tatu na ya nne huchukua muda mrefu kiasi cha kumchosha mtu. Darasa lililopangwa vizuri huwapa wanafunzi karatasi mbili kwa pamoja, moja ikikauka nyingine ikichorwa. Draya ya nywele husaidia, mradi ishikwe mbali na isiwashwe katika hali mbili za kwanza.

Baada ya mpako sawa huja mpako unaofifia, ambamo maji safi huongezwa kila mstari hadi rangi ikayeyuka na kuwa karatasi tupu. Huja pia tabaka juu ya tabaka, mpako mwepesi wa njano uliokauka kabisa ukipitiwa na wa buluu, na kijani kinachotokea huwa na kina kisichopatikana kwa kuchanganya sahanini. Kufuta kwa brashi mbichi na tishu ni zoezi la dakika chache. Katika yote hayo, mwanafunzi akumbuke kwamba rangi ya maji hupauka ikikauka. Inayoonekana sahihi ikiwa mbichi itakuwa hafifu kesho, na wanaoanza karibu wote huchora picha hafifu kwa kuogopa.

Kuchanganya rangi hufundishwa vyema kwa vitu vya mtaani. Buluu ya zambarau na kahawia ya udongo huzaa kijivu cha namna nyingi. Kahawia ikizidi hupatikana ukuta wa tofali za saruji usiopigwa lipu, buluu ikizidi hupatikana wingu la mvua linalotoka baharini. Mlima wa Wazo wenyewe, ambao mawe yake ya chokaa hulisha kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji mwaka 1966, ni somo kamili la rangi hizo mbili na weupe wa karatasi kwenye kuta za machimbo. Kijani cha tayari kutoka dukani huwa kikali mno kwa miti ya pwani. Mwembe mkubwa huhitaji buluu ya kijani, njano yenye joto na kahawia kidogo. Majani mapya ya mwembe yana wekundu wa shaba, na anayeyatazama kwa makini hatayapaka kijani. Mnazi una njano zaidi, mwarobaini una buluu zaidi. Bahari ya Kunduchi karibu na ufukwe ni buluu ya kijani iliyozimuliwa sana juu ya mpako mwepesi wa mchanga uliokauka.

Ngozi ya mtu inastahili muda wake, kwa sababu vitabu vingi vya kigeni hutoa maelekezo ya ngozi nyeupe na kumwacha mwanafunzi wa hapa anapapasa. Ngozi nyeusi na ya kahawia haichorwi kwa kuongeza nyeusi. Nyeusi huiua na kuifanya ya majivu. Msingi ni kahawia ya udongo uliochomwa iliyozimuliwa, ikipakwa uso mzima isipokuwa sehemu zinazong'aa. Sehemu hizo, juu ya paji, kwenye mfupa wa shavu na ncha ya pua, mara nyingi si nyeupe wala njano. Nje ya nyumba hurudisha rangi ya anga, kwa hiyo huguswa kwa buluu nyepesi sana. Tabaka la pili ni kahawia na nyekundu ya waridi kwenye mashavu, masikio na midomo. La tatu ni kahawia na buluu ya zambarau kwa vivuli vya chini ya kidevu na kando ya pua, na mahali penye giza zaidi huongezwa nyekundu ili kivuli kibaki na uhai. Kati ya tabaka na tabaka karatasi ikauke kabisa. Picha kama hii haimalizwi kwa kipindi kimoja wakati wa masika, na hakuna haja ya kuimaliza.

Picha ya kwanza kamili iwe ya kitu kimoja chenye kivuli kimoja: embe, dafu lililokatwa, sufuria. Mchoro wa penseli uwe hafifu na wa mistari michache. Kabla ya rangi hufanywa kijipicha cha ukubwa wa kiganja kwa rangi moja tu, kikionyesha sehemu tatu: karatasi tupu, wastani, na giza. Mwanafunzi asiyeweza kuonyesha giza liko wapi kwenye kijipicha hatalipata kwenye picha kubwa. Kisha kazi huenda kwa mpangilio uleule, mpako mwepesi kwanza, ukauke, wastani, ukauke, giza mwisho kwa miguso michache.

Baada ya wiki kadhaa darasa hutoka nje. Kunduchi ndiyo karibu na ina kila kitu: ngalawa zilizopandishwa mchangani, soko la samaki, mibuyu, na magofu yenye mabaki ya msikiti na makaburi ya kale. Muda mzuri ni kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Karibu na saa sita vivuli hujificha chini ya vitu na kila kitu huonekana bapa. Mchoraji hukaa kivulini na karatasi yake ikiwa kivulini. Karatasi iliyo juani humeremeta, huyadanganya macho, na rangi ipakwayo hapo huonekana nzito mno ikiletwa ndani. Chupa ndogo ya kupulizia maji husaidia karatasi isikauke mapema kwenye upepo wa kusi. Watu si mandhari. Wavuvi husalimiwa kwanza, wazee hupewa shikamoo, na ruhusa huombwa kabla ya penseli kutolewa. Anayechorwa huonyeshwa picha, na mara nyingi ndiye mhakiki mkali kuliko mwalimu, kwa kuwa anajua chombo chake kilivyofungwa kamba.

Kuhusu darasa lenyewe, mwanafunzi anayechagua pa kujifunzia atazame mambo machache. Mwalimu achore mbele ya wanafunzi tangu karatasi tupu hadi mwisho, akieleza kwa nini anasubiri na kwa nini anaanza. Asichukue brashi na kurekebisha kazi ya mwanafunzi kwenye karatasi yake; akitaka kuonyesha, aonyeshe kwenye karatasi ya pembeni. Kazi zitundikwe kwenye kamba kwa vibanio vya nguo mwishoni mwa kipindi na zitazamwe kutoka mbali, kwa sababu kasoro ya mwanga na giza haionekani kwa karibu. Anayetaka kuwaona wachoraji wakiwa kazini ana Nafasi Art Space ya Mikocheni, iliyoanzishwa mwaka 2008, yenye studio za wasanii, maonyesho na warsha. Anayetaka mafunzo marefu ya sanaa ana Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa, iliyo kwenye barabara ileile inayopita Tegeta, pamoja na masomo ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Vifaa hutunzwa siku hiyohiyo. Brashi huoshwa kwa maji na sabuni ya kipande, ncha hukusanywa kwa vidole, na hukaushwa zikiwa zimelazwa. Zikisimamishwa zikiwa mbichi, maji hushukia kwenye shingo ya bati, gundi hulegea na nywele huanza kutoka. Paleti huachwa wazi hadi rangi zikauke ndipo ifungwe. Ukungu ukionekana kwenye kidonge, tabaka la juu huondolewa kwa kitambaa kibichi na kidonge hukaushwa kivulini. Picha zilizokamilika huhifadhiwa zikiwa zimelala, zimetenganishwa kwa karatasi safi, ndani ya plastiki pamoja na vile vipakiti vya viatu. Inayotundikwa huwekwa fremu yenye kioo, na kati ya kioo na picha huwekwa kadibodi iliyokatwa dirisha ili karatasi isiguse kioo, maana unyevu hukusanyika hapo na kuota madoa ya kahawia. Fremu hutundikwa kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na jua wala mvua, na vipande vidogo vya kizibo hubandikwa kwenye pembe zake za nyuma ili hewa ipite kati yake na ukuta.